Siku Ngoma za Mishamo Zilipoitwa Wageni

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili msomaji akinikuta napaza sauti huko mbele asidhani kuna kitu kimenipata njiani. Mke wangu husema hasira zangu ni kama jiko la mchina, huwaka upesi na harufu yake hubaki nyumba nzima. Sibishani naye. Lakini zipo hasira za bure na zipo hasira za haki, na ile ya siku ya tamasha naitetea mpaka leo.

Tulikuwa marafiki watatu. Mimi na mmoja wao tuna kibanda cha kutengeneza pikipiki pembeni mwa barabara ya kwenda Sitalike, hapa Mpanda. Yeye anafungua injini, mimi nashughulika na nyaya na taa. Ni mtu mpole kiasi kwamba wateja wakorofi wote tunamsukumia yeye. Alizaliwa Mishamo. Wazazi wake waliingia nchini wakikimbia vita Burundi, wakapewa mashamba kule msituni, wakafyeka, wakalima, wakazaa, na miaka mingi baadaye wakapewa uraia. Baba yake amezikwa kule kule. Jumapili akiwepo mjini huyu rafiki yangu hupiga ngoma kanisani wakati wa matoleo, na hata waliosinzia kwenye mahubiri huamka.

Wa tatu ni Msukuma mwenye ng'ombe upande wa Ugalla, mtu wa maneno mengi, ambaye huja kibandani kutengeneza pikipiki isiyoharibika. Mimi ni Mfipa, kwa hiyo huyo ana ruhusa ya kunitania anavyotaka. Nikipaza sauti tu, yeye hutoka nje ya kibanda, akatazama juu, akawaambia akina mama wa jirani waanue nguo zao, maana Mfipa amekasirika na radi ya kwao Sumbawanga haisubiri masika. Watu hucheka, nami hucheka, hasira zinaisha. Huo ndio utani ninaoujua mimi. Anayekutania anajua kwako, na ukifa atakuja kukuzika.

Kiangazi cha mwaka jana zikaja habari kwamba Mpanda itakuwa na tamasha kubwa la muziki la siku nzima, kwenye uwanja wa wazi pale mwisho wa mji. Mchana ni ngoma na vikundi vya mkoa, jioni ni wasanii wa Bongo Fleva kutoka Dar es Salaam. Kikundi kitakachoshinda mchana kingepelekwa Dodoma mwishoni mwa mwaka kuuwakilisha mkoa wa Katavi. Mama mmoja wa kamati alisafiri hadi Mishamo kutafuta vikundi. Akawakuta rafiki yangu na wenzake wakipiga ingoma, zile ngoma kubwa za Kirundi zinazochongwa kwenye gogo zima la mti. Alipiga makofi mpaka mikono ikamuwasha. Akawaambia, nyie ndio mtatubeba.

Rafiki yangu alilipokea neno hilo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike. Kuanzia hapo kila Ijumaa alifunga spana zake mapema, akapanda pikipiki kwenda Mishamo kwenye mazoezi, akarudi Jumatatu ana vumbi mpaka kwenye kope. Kazi za injini zikanirundikia mimi ambaye injini siziwezi, na wateja wakawa wananitukana mimi kwa ajili ya ngoma. Siku moja nikamuuliza, akiwa ameinamia kabureta, kama Dodoma anaitaka kiasi hicho. Akasema Dodoma ni mji tu, hata basi linafika.

"Nataka mara moja tu," alisema, "mtu asimame kwenye kipaza sauti aseme hawa ni wa Katavi. Watoto wangu wasikie. Basi."

Sikumuuliza zaidi kwa sababu nilikuwa naijua habari yenyewe. Binti yake mkubwa alikuwa amerudi kutoka shuleni akilia, wenzake wamemwambia arudi kwao. Akamuuliza baba yake kwao ni wapi. Baba akamwonyesha kitanda chake na daftari zake, akamwambia kwenu ni hapa, halafu akaja kibandani akafungua na kufunga injini ile ile siku nzima. Mimi nilitaka kwenda kuongea na mwalimu mkuu. Alinikatalia.

Asubuhi za Julai Mpanda zina baridi ya kuvaa jaketi, na jua likishapanda jaketi unalibeba mkononi kama mzigo wa mtu mwingine. Tulikwenda mimi, mke wangu na watoto, mke wa rafiki yangu na watoto wake, na Msukuma wetu amevaa kofia ya pama mpya, amejipulizia manukato ya kutosha ng'ombe wote wa Ugalla. Rafiki yangu alikuwa ametangulia kuwapokea wenzake. Walikuja juu ya lori la mahindi, wamekalia magunia. Ngoma walizifunika mablanketi, wao wenyewe wakabaki na upepo. Waliposhuka midomo ilikuwa imepasuka kwa baridi, lakini ngoma zilikuwa za moto ukizigusa, kwa sababu ngozi ikipata baridi inalegea na sauti inakufa.

Adha ya kwanza ilikuwa getini. Mlinzi alitaka kujua magogo yale ni ya nini. Akaambiwa ni ngoma. Akasema wasanii wote wapitie nyuma. Nyuma kulikuwa na jenereta upande mmoja na vyoo upande wa pili, na kati ya hivyo viwili ndipo walipoambiwa wakae wasubiri, wanaume wazima waliosafiri tangu alfajiri. Mbele ya jukwaa kulikuwa na hema lenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na riboni kama maharusi, vitupu, vinawasubiri wakubwa ambao wengi wao hawakufika. Akina mama wa Mpanda walikaa chini kwenye vumbi, viti vimezungushiwa kamba wasivisogelee. Nilianza kusema. Mke wangu akanipa mtoto nimbebe, ndiyo njia yake ya kunifunga mdomo.

Sitadanganya, ilikuwa raha pia. Tulikula migebuka ya kukaanga, samaki waliotoka ziwani usiku wa kuamkia siku ile, tukalamba asali ya Ugalla iliyouzwa kwenye chupa za soda, watoto wakanata mpaka kwenye nywele. Shule moja ilileta kwaya, watoto wamevaa soksi nyeupe ambazo baada ya wimbo wa kwanza zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Kikundi cha Wasukuma kilicheza ngoma yao, jasho linawatoka, na Msukuma wetu hakuweza kuvumilia, akaruka kamba akacheza nao mpaka pama ikaanguka ikakanyagwa. Alirudi kwetu anahema, akasema kofia itanunuliwa nyingine. Mshereheshaji, kijana wa Dar es Salaam mwenye miwani nyeusi na sauti ya kupendeza, aliwaita wachezaji wale vijana wa Katavi. Hakuna aliyewauliza babu zao walichunga wapi. Na hakukuwa na sababu ya kuwauliza.

Zamu ya rafiki yangu ilisogezwa mbele, ikasogezwa tena. Nilikwenda nyuma kuona kulikoni nikamkuta anabishana na kijana wa kamati mwenye redio ya mkononi. Ukimjua rafiki yangu utaelewa kwa nini nilisimama nikashangaa. Sijawahi kumwona akibishana hata na mteja aliyekataa kulipa.

Mgogoro ulikuwa huu. Ingoma ina adabu zake. Haiwekwi jukwaani ikasubiri mpigaji kama spika. Wapigaji huibeba kichwani na kuingia nayo huku inalia, wanapita katikati ya watu, wanafika mahali pao, wanaitua na kuizunguka. Wakimaliza wanaibeba tena na kutoka nayo ikiendelea kulia, maana ngoma iliyokuja ikiongea haiondoki kimya. Kijana wa kamati alitaka wapande kwa ngazi za nyuma kama wengine, kwa sababu kamera ziko jukwaani. Rafiki yangu akasema watasubiri hata mpaka jioni, lakini wataingia kwa geti kubwa. Alisema kwa upole, na hakusogea. Mimi nikaongezea maneno yangu, ambayo hayakuwa na upole. Yule kijana akainua mabega, akasema shauri yenu.

Wakazunguka nje ya uzio wakiwa wamebeba ngoma hadi geti kubwa. Mimi nikarudi mbele kukaa na familia. Kwanza tulisikia kwenye kifua kabla ya kusikia masikioni. Watu waligeuza shingo. Wakaona wanaume wanaingia kwa mstari, wamevaa mashuka mekundu na meupe, ngoma kichwani, mikono inapiga juu bila kutazama, na umati ukafunguka wenyewe kuwapisha. Mke wa rafiki yangu alisimama akapiga kigelegele kirefu, na yule binti mkubwa akapanda juu ya ndoo ya asali ya mtu ili aone.

Hapo ndipo mshereheshaji alipokosea. Vikundi vyote vilitokea nyuma ya jukwaa. Hawa walitokea nje, getini, wamebeba mizigo kichwani, wana vumbi la safari. Akakamata kipaza sauti.

"Mpanda, wageni wetu wameingia! Wageni wetu kutoka Burundi!"

Nilimtazama mke wa rafiki yangu. Kigelegele kilikuwa kimemkatikia. Nikajiambia ni ulimi umeteleza, atarekebishwa. Kamati nzima ilikuwa imekaa pale, na yule mama aliyekwenda mpaka Mishamo alikuwa karibu naye kiasi cha kumvuta shati. Hakumvuta.

Wakatua ngoma chini, mbele ya jukwaa. Rafiki yangu akatangulia mbele, akaimba wimbo wa kufungulia, kwa Kirundi. Wimbo ule naujua, nimeusikia kwenye simu yake kibandani hadi nikauchoka. Unataja vijiji vya Mishamo, kimoja baada ya kingine, na mito yao, na mahali gari la kwanza lilipokwama kwenye tope. Kwenye wimbo mzima hakuna mahali panapotajwa nje ya mkoa huu. Lakini mshereheshaji alisikia Kirundi tu, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema kwenye kipaza sauti kwamba wanaimba nyumbani kwao walikokuacha.

Halafu wakapiga. Hilo sitaliharibu kwa maneno mengi. Rafiki yangu, ambaye huinuka kitini taratibu kwa sababu ya mgongo, aliruka magoti yakafika kifuani. Wauza soda waliacha kuuza. Kina mama waliokaa chini walisimama wote, na ile kamba iliyozunguka viti vyeupe ikaanguka, hakuna aliyejali. Kwa muda ule nilisahau geti, vyoo, jenereta na kila kitu. Nilimsamehe hata mshereheshaji.

Walipomaliza, mshereheshaji akashuka jukwaani na kipaza sauti, akamshika rafiki yangu bega.

"Poleni na safari, kaka. Mmetoka mbali."

"Asante. Tumetoka Mishamo."

"Aa, Mishamo. Kambini."

"Si kambi sasa hivi. Ni vijiji."

"Sawa, sawa. Lakini kwenu hasa, asili?"

"Mimi nimezaliwa Mishamo."

"Wewe umezaliwa Mishamo, na ngoma je, imezaliwa wapi?"

Watu wakacheka. Rafiki yangu naye akatabasamu, akaweka mkono juu ya ngoma.

"Mti tumeukata Mishamo," alisema. "Ngozi ni ya ng'ombe wa yule rafiki yangu Msukuma, amekaa pale. Nyama yake tulikula wote."

Watu wakacheka zaidi, na safari hii walicheka pamoja naye. Msukuma wetu alisimama akainua pama iliyopondeka, akashangiliwa. Nikadhani imekwisha, mtu ameelewa. Mshereheshaji akasubiri kicheko kipungue, akainua mkono.

"Haya, makofi mengi kwa ndugu zetu wa Burundi!"

Makofi yakapigwa mengi sana, na hicho ndicho kilichoniuma. Yalikuwa ya moyo. Watu wa mji wangu walimpenda, wakampigia makofi, wakampeleka Burundi kwa makofi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa Mishamo walipewa jembe kabla mimi sijazaliwa. Mahindi ya ugali wangu wanalima wao, maharage yanayopakiwa sokoni kila wiki wanalima wao. Sasa niambie, mgeni anaacha lini kuwa mgeni? Akishika jembe bado. Akipewa karatasi ya uraia bado. Akizika baba bado. Tungojee nini, ngoma yenyewe iote mizizi?

Baada yao kilipanda kikundi cha vijana wa mjini waliocheza muziki wa Afrika Kusini uliowekwa kwenye spika. Walicheza vizuri, sina ugomvi nao, mmoja ni mtoto wa jirani yangu. Kisha wakubwa wachache waliokuja wakashauriana, na matokeo yakatangazwa. Waliokwenda Dodoma kuuwakilisha mkoa wa Katavi ni wale vijana. Kikundi cha rafiki yangu hakikutajwa cha pili wala cha mwisho. Hakikuwa kwenye mashindano kabisa.

Mshereheshaji akasema kuna zawadi maalumu kwa wageni wetu. Akaletewa picha kubwa yenye fremu, viboko wamelala kwenye dimbwi huko hifadhini, chini imeandikwa kwa herufi za dhahabu: Karibu Katavi. Rafiki yangu akaitwa. Alikwenda, akainama kidogo, akaipokea kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa kupokea kitu cha mtu mzima. Akasema asante. Binti yake alikuwa bado amesimama juu ya ile ndoo. Akashuka, akaja akasimama nyuma ya mama yake.

Nilimrudishia mke wangu mtoto. Aliona uso wangu, akasema mume wangu, tafadhali. Msukuma wetu hakutazama juu wala hakumwambia mtu aanue nguo. Alikuja nyuma yangu.

Nilimkuta yule mama wa kamati pembeni ya hema. Nikamwamkia, maana hasira hainiondolei adabu, kisha nikamuuliza imekuwaje. Alinijibu vizuri tu, na hilo lilinipandisha mori zaidi kuliko angenitukana. Alisema nisichukulie hivyo, wamewaheshimu sana, hakuna kikundi kingine kilichopewa zawadi kama ile. Akasema ngoma ni nzuri, hakuna anayebisha, lakini kule Dodoma wangeulizwa kama kweli hiyo ni ngoma ya Katavi, na kamati ingejibu nini.

Nikamwambia kamati ingejibu ndiyo. Neno moja, halina gharama. Nikamuuliza muziki wa Afrika Kusini uliingia Katavi lini na uliandikishwa kijiji gani. Nikamkumbusha kwamba baba yangu alikuja hapa kutoka Ufipa kufuata machimbo ya madini ya risasi, na Wanyamwezi walikuja na reli, na Wasukuma walikuja na ng'ombe, na wenye maduka yote ya barabarani wametoka Kilimanjaro. Kama kuna watu wenye haki ya kutuita wageni ni Wabende na Wakonongo na Wapimbwe tuliowakuta hapa, sisi hatujui hata maji yako wapi, nao wametulia, hawajamnyooshea mtu kidole. Nikasema nyani haoni kundule. Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, watu wameanza kutuzunguka, na mtu mmoja alikuwa ametoa simu anarekodi. Msukuma wetu alikuwa anaitikia kila sentensi kama yuko kanisani. Mama yule akawa anatazama chini anazungusha pete yake. Naamini alijua. Angekuwa hajui nisingemkasirikia hivyo.

Mtu akanivuta mkono wa shati. Alikuwa rafiki yangu, bado ana jasho, picha ya viboko iko kwapani. Alimwomba mama yule radhi. Aliomba radhi yeye! Akanisogeza pembeni mpaka nyuma ya spika, mahali ambapo aliyerekodi asingesikia.

Nikamwambia aniache, jambo hili halitapita hivi, na kama yeye hataki kusema basi mimi nitasema mpaka redioni. Nikamuuliza kwa nini aliipokea picha ile. Kwa nini hakuiacha mikononi mwao watu wote waone.

"Kaka," alisema, "wewe ukikasirika watasema Mfipa yule ana hasira, kesho wamesahau. Mimi nikikasirika wataniomba kitambulisho."

Kisha akasema wenzake wanamsubiri, ngoma hazijatoka bado, na lazima zitoke zikilia. Mikono yake ilihitajika kwenye fimbo, kwa hiyo akanikabidhi picha niibebe.

Wakazibeba kichwani, wakaanza kupiga kuelekea geti kubwa. Wakati huo huo msanii wa kwanza wa Dar alikuwa amepanda jukwaani, spika zimefunguliwa zote, wimbo unatoka kwenye mashine na yeye anachezesha midomo. Ngoma za watu waliosafiri tangu alfajiri zikamezwa. Niliwaona wanapiga, naona mikono inapanda na kushuka, sisikii kitu, mpaka nilipowasogelea kabisa. Nikatembea nyuma yao pamoja na wake zetu na watoto na Msukuma mwenye kofia iliyopondeka, picha nimeikumbatia kifuani, maandishi yanatazama mbele.

Getini alisimama mama mmoja mwenye fulana ya tamasha, kazi yake kuwaaga watu. Alikuwa na uso mwema. Aliwapa mkono wapigaji mmoja mmoja kwa ncha za vidole, maana mikono yao ilikuwa na fimbo. Aliponifikia mimi akasoma picha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asanteni sana wageni wetu," aliniambia. "Safari njema. Mkawasalimie huko kwenu."

Mimi nilizaliwa hospitali ya Mpanda. Nyumba yangu unaiona ukisimama kwenye geti lile. Nilifungua mdomo nimwambie, mama, umekosea, mimi si mmoja wao. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, na maana yake ilikuwa ile ile ya mshereheshaji. Rafiki yangu alikuwa karibu yangu, shingo imenyooka chini ya ngoma, na angesikia.

Nikayameza. Nikamwambia asante, mama, salamu zitafika. Nikatoka getini na viboko wangu, na nilikuwa bado na hasira, ila sasa sikutaka kumfokea mshereheshaji wala kamati. Mtu niliyetaka kumfokea ni mimi.